Jumla Ipi? Uhakiki wa Lugha ya Hesabu katika Fomu za Malipo Mtandaoni

Miongoni mwa maandishi ambayo mwananchi huyasoma kwa makini kuliko mengine ni yale yanayomwambia ni fedha kiasi gani anatakiwa kutoa. Zamani hati ya namna hiyo iliandikwa kwa mkono na mwenye duka mbele ya macho ya mnunuzi. Kila mstari ulielezwa kwa mdomo, na palipokuwa na shaka paliulizwa swali. Siku hizi sehemu kubwa ya hati hizo ni fomu za malipo mtandaoni. Mnunuzi huweka alama kwenye machaguo anayoyataka, mashine hukokotoa, na mwishowe hesabu moja hutokea chini ya fomu ikiwa na neno moja au mawili kando yake. Hakuna wa kuulizwa. Maneno hayo, pamoja na machache yanayoyatangulia, ndiyo maelezo yote anayopewa mtu kabla ya kutoa fedha zake.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maneno hayo. Hatumlengi mwandishi wa fomu fulani wala idara fulani, kwa kuwa kasoro tutakazozitaja ni za kawaida, na kila msomaji wetu anayelipia kitu mtandaoni kwa Kiswahili atazitambua. Hoja yetu ni moja: katika fomu ya malipo, istilahi ni sehemu ya hesabu yenyewe. Istilahi ikiwa na maana mbili, fomu ina majibu mawili, hata kama mashine imeonyesha jibu moja tu.

JINSI FOMU INAVYOKOKOTOA

Kabla ya kulihukumu neno yatupasa kuielewa kazi inayofanyika nyuma yake. Fomu za kurasa za mtandao ziliwekewa kanuni za pamoja katika toleo la pili la lugha ya HTML, lililochapishwa Novemba 1995. Kwa mujibu wa kanuni hizo chaguo huweza kuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni maandishi yanayosomwa na mtu, mathalani "Mtumishi wa umma". Ya pili ni thamani inayopokelewa na mashine, mathalani 120000. Sehemu hizi mbili hazifungamani: anayeandika fomu anaweza kubadili maandishi bila kuigusa thamani, na akabadili thamani bila kuyagusa maandishi. Mwishoni mwa mwaka huo huo ilitangazwa lugha ya programu iitwayo JavaScript, ambayo iliuwezesha ukurasa wenyewe kukokotoa papo hapo mbele ya mnunuzi, pasipo kungoja jibu kutoka kwenye seva.

Mpango huu una matokeo makubwa kwa mfasiri. Kwa kawaida anayefasiri fomu hupewa maandishi peke yake. Thamani haioni, wala haoni kanuni ya kuzijumlisha. Akikosea, mashine haitamsahihisha, kwa sababu mashine haisomi maandishi yake. Hesabu itatoka sawasawa, lakini itakuwa hesabu ya jambo ambalo mnunuzi hakulielewa.

Mashine nayo ina makosa yake. Thamani zinazotoka kwenye fomu huifikia programu zikiwa katika hali ya maandishi, na katika JavaScript alama ya kujumlisha hutumika pia kuunganisha maandishi. Mtunga programu asiyezigeuza thamani hizo kwanza kuwa namba ataambiwa kwamba 120000 na 30000 ni 12000030000. Lakini kosa la namna hiyo hujulikana mara moja, kwa kuwa jibu lake ni la kustaajabisha. Kosa la neno hujificha, kwa kuwa jibu linaloambatana nalo ni la kuaminika.

Ili tusizungumze hewani, natutunge mfano mmoja na kuufuata katika makala yote. Chukua fomu ya kujiandikisha katika mkutano wa wafasiri wa siku 2. Ada ya mwanafunzi ni shilingi 50,000 na ya mtumishi ni 120,000. Chakula cha mchana ni 15,000 kwa siku, na kitabu cha mada ni 20,000. Mtumishi anayetaka chakula siku zote mbili pamoja na kitabu atakuwa na 120,000, na 30,000, na 20,000, yaani 170,000. Hadi hapo mambo ni rahisi. Tuone sasa maneno yanavyoyachafua.

JUMLA, BEI YA JUMLA NA JUMLA NDOGO

Neno "jumla" lina kazi mbili za kale katika biashara yetu. Kwanza ni matokeo ya kujumlisha. Pili ni namna ya kuuza: kuna biashara ya jumla na biashara ya rejareja. Kila mama anayekwenda sokoni anajua kwamba "bei ya jumla" ni bei ya anayenunua gunia zima, na kwamba ni nafuu kuliko ya anayenunua kisado. Hata hivyo katika fomu nyingi maneno "bei ya jumla" huwekwa kando ya hesabu ya mwisho. Mfasiri alitaka kusema "jumla ya bei", akageuza mpangilio, na kwa kugeuza huko akasema jambo jingine kabisa. Msomaji wa mfano wetu akikuta "Bei ya jumla: 170,000" ana haki ya kuuliza kama bei ya rejareja ni kubwa zaidi. Hapa hatuhitaji istilahi mpya. Tunahitaji kuuheshimu mpangilio wa maneno ambao lugha imekwisha kuupa maana.

Kisha huja "jumla ndogo". Tafsiri hii ya neno kwa neno imetokana na Kiingereza, ambacho katika hesabu za mauzo huitenga jumla inayopatikana kabla ya punguzo, kodi na usafirishaji. Kwa Kiswahili "ndogo" ni sifa ya ukubwa, na msomaji huielewa hivyo. Basi tutoe punguzo la asilimia 10 katika mfano wetu. Kabla ya punguzo tuna 170,000, nayo imeitwa "jumla ndogo". Baada ya punguzo tuna 153,000, nayo imeitwa "jumla kuu". Jumla ndogo imeizidi jumla kuu kwa shilingi 17,000! Istilahi inayopingana na hesabu iliyo kando yake haiwezi kumsaidia mtu yeyote. Jambo linalotakiwa kuonyeshwa ni utaratibu, yaani ipi hutangulia na ipi hufuata. Kwa sababu hiyo twaona kwamba "jumla ya awali" ni istilahi bora, kwa kuwa hubaki kweli ama iwe kubwa, ama iwe ndogo.

Na ile ya mwisho? "Jumla kuu" ina historia nzuri katika vitabu vya mahesabu, nasi hatuna nia ya kuiondoa huko. Lakini katika fomu ya malipo yafaa kuiita kwa kazi yake: "kiasi cha kulipa". Anayesoma maneno hayo hawezi kuuliza tena kama bado kuna kitu cha kuongezwa.

Pendekezo hili linatulazimu kulichunga neno "kiasi", ambalo nalo limetumika ovyo. Katika fomu zilizofasiriwa kwa haraka hutumika kwa mambo mawili katika mstari mmoja: safu ya pili imeandikwa "Kiasi" na chini yake kuna 2, safu ya nne imeandikwa "Kiasi" na chini yake kuna 30,000. Kiswahili kina neno la vitu vinavyohesabika, nalo ni "idadi". Fomu yenye "Bei ya kimoja", "Idadi" na "Kiasi" humwonyesha msomaji kuzidisha bila kumweleza: 15,000 kwa 2 ni 30,000. Hivyo ndivyo mwalimu wa shule ya msingi angeipanga ubaoni.

KUJUMLISHA NA KUJUMUISHA

Sasa tumefika kwenye jozi ya vitenzi iliyo ya hatari kuliko zote. "Kujumlisha" ni kuongeza hesabu juu ya hesabu. "Kujumuisha" ni kuweka kitu pamoja na vingine ndani ya jambo moja. Asili zake ni mbili tofauti: cha kwanza kinahusiana na jumla, na cha pili kinahusiana na jumuiya. Tofauti ya maandishi ni ndogo, lakini tofauti ya fedha si ndogo.

Tuchukue bei ya 118,000 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo ndiyo kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara. Fomu ikisema "Kodi imejumuishwa", maana yake ni kwamba ndani ya 118,000 mna bei halisi ya 100,000 na kodi ya 18,000, na mnunuzi atatoa 118,000. Fomu ikisema "Kodi itajumlishwa", kodi ya 21,240 itawekwa juu ya 118,000, na mnunuzi atatoa 139,240. Tofauti hiyo ndogo ya maandishi imebeba shilingi 21,240.

Kuna fomu inayosema "Kodi imejumlishwa". Hii twaiona kuwa mbaya kuliko zote mbili, kwa sababu haitoi jibu. Je, imekwisha kuongezwa ndani ya bei ninayoiona, au imeongezwa katika mstari ulio chini yake? Mnunuzi mwenye hadhari atajaribu kukokotoa mwenyewe; asiye na hadhari atalipa. Pendekezo letu ni kwamba vitenzi hivi viwili visitumike kabisa kwa kodi katika fomu za malipo, ijapokuwa vyote ni Kiswahili safi. Pawe na "Kodi imo katika bei" kwa hali ya kwanza, na "Kodi itaongezwa juu ya bei" kwa hali ya pili. "Imo" na "juu ya" ni maneno ya kila siku. Hayafanani kwa sauti wala kwa maandishi, na hata mtu aliyesoma darasa chache hayakosei. Kazi ya istilahi ni kutenganisha maana, na mara nyingine neno la nyumbani hutenganisha vizuri kuliko neno la kitabuni.

CHAGUO LINALOBADILISHA NA CHAGUO LINALOONGEZA

Fomu yenye machaguo huwa na makundi ya namna mbili. Katika kundi la kwanza mtu huchagua moja tu: ama mwanafunzi, ama mtumishi. Akigusa la pili, la kwanza hufutika, na 50,000 hubadilishwa na 120,000. Katika kundi la pili anaweza kuchagua yote, mengine, au asichague hata moja: chakula, kitabu. Kila analoligusa huongezwa juu ya lililotangulia. Kwa hiyo makundi haya hayatofautiani kwa umbo la alama tu, ambalo kwa kawaida ni duara kwa kundi la kwanza na mraba kwa kundi la pili. Yanatofautiana katika kanuni ya hesabu.

Tafsiri zilizopo haziionyeshi kanuni hiyo. Alama ya duara imeitwa na baadhi ya wafasiri "kitufe cha redio". Jina hilo la Kiingereza lilitokana na redio za zamani za magari, zilizokuwa na safu ya vitufe vya stesheni: ukikibonyeza kimoja, kilichokuwa kimebonyea huruka juu. Kwa aliyezijua redio hizo mfano ulikuwa mzuri. Kwa msomaji wetu "kitufe cha redio" ni kitufe cha kuwashia redio, na hakimwambii lolote juu ya fedha zake. Huu ni mfano bora wa tafsiri inayobeba gamba na kuacha kiini.

Twapendekeza kundi la kwanza liitwe "chaguo mbadala", na la pili "chaguo la nyongeza". Mbadala hukaa mahali pa mwenzake. Nyongeza hukaa juu ya kilichopo. Fomu nayo iseme hivyo kwa maelekezo: "Chagua moja tu", na "Weka alama ya vema kwenye kila unachokitaka". Alama ya vema si ngeni kwa Mtanzania, kwa maana ameizoea katika karatasi ya kupigia kura. Hali kadhalika bei ziandikwe kwa kufuata tofauti hiyo: mbadala ionyeshe bei yake nzima, na nyongeza iwe na alama ya kujumlisha mbele ya bei yake. Fomu inayoandika "Mtumishi + 70,000" katika kundi la mbadala humlazimisha msomaji kukisia msingi ambao nyongeza hiyo imewekwa juu yake.

Hapa pia tutaje wingi wa neno lenyewe. Wingi wa "chaguo" ni "machaguo". Baadhi ya fomu huandika "chaguzi", lakini chaguzi ni wingi wa uchaguzi, na mahali pake ni tume ya uchaguzi.

Jambo la tatu katika sehemu hii ni "chaguo-msingi", istilahi iliyokwisha kuenea katika programu zilizofasiriwa. Hutumiwa kwa chaguo ambalo mashine imelishika kabla mtu hajafanya lolote. Katika programu ya kuandikia barua haina madhara: ukubwa wa herufi uliowekwa tayari haumgharimu mtu fedha. Katika fomu ya malipo hali ni nyingine. "Msingi" kwa msomaji wa Kiswahili ni kitu cha lazima, cha chini kabisa, ambacho vingine hujengwa juu yake. Ndiyo maana tuna shule ya msingi na mahitaji ya msingi. Bima ya safari iliyokwisha kuwekewa vema, ikaitwa chaguo-msingi, itaonekana kuwa sehemu ya lazima ya tiketi, kumbe ni nyongeza ambayo mtu angeweza kuiondoa.

Ubaya wa jambo hili umetambuliwa na watunga sheria kwingineko. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 83 la 2011 juu ya haki za walaji linasema katika kifungu cha 22 kwamba malipo yoyote ya ziada yahitaji ridhaa ya wazi ya mlaji. Mfanyabiashara akiidai ridhaa hiyo kutokana na chaguo lililowekwa tayari, ambalo mlaji alipaswa kulikataa ili asilipe, mlaji ana haki ya kurudishiwa fedha zake. Sisi twapendekeza katika fomu za malipo istilahi iwe "chaguo lililowekwa tayari". Ni ndefu, lakini humwambia mlipaji kwamba pana mtu aliyechagua kabla yake.

PUNGUZO, ADA, TOZO NA MAKATO

Neno "punguzo" lenyewe halina kasoro. Kasoro ni kuliacha bila kusema limepunguza nini. "Punguzo la asilimia 10 kwa watakaojiandikisha mapema" ni sentensi nzuri ya tangazo, lakini katika fomu haitoshi. Turudi kwa mtumishi wetu mwenye jumla ya awali ya 170,000, na bei hizo ziwe bado hazina kodi ndani yake. Ikiwa punguzo ni la jumla yote, litakuwa 17,000. Inabaki 153,000, kodi yake ni 27,540, na kiasi cha kulipa ni 180,540. Ikiwa punguzo ni la ada peke yake, litakuwa 12,000. Inabaki 158,000, kodi ni 28,440, na kiasi cha kulipa ni 186,440. Ikiwa kodi imekokotolewa kwanza juu ya 170,000, itakuwa 30,600, na ukiondoa punguzo la 17,000 utapata 183,600. Majibu matatu yametoka katika sentensi moja, na kila moja linaweza kutetewa. Asilimia bila "ya kitu fulani" ni nusu ya maelezo. Fomu haina budi kuandika "Punguzo: asilimia 10 ya ada", au "asilimia 10 ya jumla ya awali", na kuupanga mstari huo mahali pale pale unapofanyiwa hesabu.

Kwa upande wa malipo ya ziada, lugha yetu ina utajiri ambao fomu zimeutumia kama visawe. "Ada" ni malipo ya huduma anayoipata mtu, kama ada ya shule. "Tozo" ni malipo yanayotozwa kwa amri ya mamlaka. Neno hili lilipata umaarufu mkubwa Tanzania Julai 2021, ilipoanzishwa tozo ya miamala ya simu. "Makato" ni kile kinachokatwa kutoka katika fedha zilizopo, kama makato ya mshahara. Mwelekeo wa hesabu umo ndani ya neno lenyewe: ada na tozo huongeza anachotoa mlipaji, makato hupunguza anachopokea mpokeaji.

Kwa hiyo fomu inayoandika "Makato: 2,000" chini ya 180,540 inauliza swali badala ya kulijibu. Je, mlipaji atoe 182,540? Au atoe 180,540, na wenye mkutano wapokee 178,540? Ni kweli kwamba watumiaji wa simu wameyazoea makato kwa maana ya gharama yoyote ya muamala, na hatuwezi kuwazuia mitaani. Lakini fomu ni hati. Katika hati, gharama inayoongezwa kwa mlipaji iitwe "ada ya muamala", na makato yabaki kwa kile kinachokatwa.

NENO LA MWISHO NI LA KITUFE

Kiasi kikishajulikana, hubaki tendo la kukubali. Vitufe vya fomu zetu huandikwa "Wasilisha", "Tuma", "Endelea" au "Kamilisha". Maneno haya yanafaa katika fomu ya kuomba kazi. Katika fomu ya malipo huficha tendo la kisheria: mtu anadhani anapeleka maelezo, kumbe anafunga mkataba.

Wajerumani walilichukua jambo hili kuwa la lugha na la sheria kwa pamoja. Tangu tarehe 1 Agosti 2012 sheria yao ya kiraia, katika kifungu ambacho sasa ni cha 312j, inataka kitufe cha kuagizia kiandikwe maneno "zahlungspflichtig bestellen", yaani kuagiza kwa wajibu wa kulipa, au maneno mengine yaliyo wazi kiasi hicho. Agizo la Ulaya tulilolitaja lina sharti kama hilo katika kifungu cha 8, nalo linaongeza kwamba mlaji hafungwi na mkataba ikiwa sharti halikutimizwa. Tarehe 7 Aprili 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri namba C-249/21, iliulizwa juu ya kitufe cha Kijerumani kilichoandikwa "Buchung abschließen", yaani kukamilisha uwekaji wa nafasi ya hoteli. Iliamua kwamba yazingatiwe maneno yaliyo juu ya kitufe peke yake, na si maelezo mengine yaliyo kwenye ukurasa. Iliiachia mahakama ya Ujerumani kuchunguza kama neno "Buchung", katika lugha ya kila siku, huambatana daima na wajibu wa kulipa katika fikira za mlaji wa kawaida.

Tunauleta mfano huu kwa sababu unaonyesha mahakama ikiifanya kazi yetu: kuuliza neno lina maana gani kwa msomaji wa kawaida, na kutegemeza deni juu ya jibu. Afrika nayo haiko mbali. Sheria ya Mawasiliano na Miamala ya Kielektroniki ya Afrika Kusini ya 2002, kifungu cha 43, inamtaka muuzaji aonyeshe bei kamili pamoja na usafirishaji, kodi na gharama nyinginezo, na ampe mlaji nafasi ya kuupitia muamala wote, kusahihisha makosa, au kujitoa kabla ya kuagiza. Tanzania ilitunga Sheria yake ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015. Sheria ikiwepo na maneno yakawa ya mashaka, haki iliyomo ndani ya sheria haimfikii mwananchi. Hivyo kitufe cha mwisho kiandikwe "Agiza na ulipe", na kiasi kitajwe juu yake: "Agiza na ulipe sh. 180,540".

PINGAMIZI MBILI

Wapo watakaosema kwamba tunaukuza mchanga kuwa mlima. Watu wamezoea, na wakikwama watatazama Kiingereza. Jibu letu ni kwamba fomu ya Kiswahili inayohitaji Kiingereza ili ieleweke haijafasiriwa bado. Serikali ya Tanzania ilipoamua mwaka 1967 kuendesha shughuli zake kwa Kiswahili, haikukusudia kwamba mwananchi asome karatasi mbili ili aielewe moja.

Wapo pia watakaotulaumu kwa kutobuni maneno mapya. Kwa mfano, wangependa tulikatae neno "oda" na tushike "agizo". Hatuoni sababu. Agizo ni amri pia, na fomu ya serikali inayosema "Agizo lako limepokelewa" inamfanya mwananchi awe ndiye mwenye kuamuru. "Oda" imekaa katika viwanda vya useremala na ushonaji kwa miaka mingi. Fundi akisema ana oda kumi, kila mtu anamwelewa. Kitenzi kibaki "kuagiza", na jina liwe "oda". Istilahi njema hupimwa kwa kazi yake, wala si kwa ugeni wa nasaba yake.

MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari twaweka mbele ya wasomaji istilahi hizi kwa matumizi ya fomu za malipo:

Bei ya kimoja: bei ya kitu kimoja kabla ya kuzidishwa.
Idadi: hesabu ya vitu, isitumike kwa fedha.
Kiasi: fedha za mstari mmoja, isitumike kwa hesabu ya vitu.
Chaguo mbadala: chaguo linalokaa mahali pa jingine, huchaguliwa moja tu.
Chaguo la nyongeza: chaguo ambalo bei yake huongezwa juu ya nyingine.
Chaguo lililowekwa tayari: chaguo lililoshikwa na fomu kabla ya mlipaji.
Jumla ya awali: jumla ya mistari yote kabla ya punguzo, kodi na ada ya muamala.
Kodi imo katika bei. Kodi itaongezwa juu ya bei: badala ya "imejumuishwa" na "imejumlishwa".
Ada ya muamala: gharama inayoongezwa kwa mlipaji, makato ni kinachokatwa kwa mpokeaji.
Kiasi cha kulipa: fedha zitakazotoka kwa mlipaji, baada yake kisiongezwe kitu.
Agiza na ulipe: maneno ya kitufe cha mwisho, yafuatwe na kiasi.

Mfasiri akiletewa fomu, asikubali orodha ya maneno peke yake. Adai fomu nzima pamoja na thamani zake, kisha achukue kalamu na karatasi, asome Kiswahili chake mwenyewe kana kwamba ni cha mtu mwingine, na akokotoe kwa kufuata maneno tu. Akipata kiasi kile kile kilichoonyeshwa na mashine, tafsiri yake ni sahihi. Akipata kiasi kingine, au akipata viwili, airudie. Walimu wa Kiswahili na wa hisabati waweza kulifanya zoezi hilo pamoja na wanafunzi wao, na watumishi wanaopokea fomu kutoka kwa watunga programu walifanye kabla ya kuzitoa kwa wananchi.

Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi, na hasa watuletee mifano ya fomu ambazo hesabu zake zimewashinda kuzifuata kwa maneno yaliyoandikwa. Istilahi zitakazopingwa kwa hoja zitarekebishwa kabla ya kupelekwa mbele ya kamati ya usanifishaji.